Jasusi Hana Mtoto: Hofu ya Mzazi Anayesoma Riwaya ya Kijasusi

 

Willy Gamba akiitwa kazini, huondoka. Hatafuti jirani wa kumwachia mtoto, haachi ada ya muhula wala fedha ya unga, na hakuna bibi anayebaki mlangoni akiuliza mjukuu wake atarudi lini. Katika Kufa na Kupona, riwaya ya A. E. Musiba iliyotoka mwaka 1974, jasusi huyu wa Tanzania anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Anapigana, anastarehe, anapendwa, ananusurika. Kijana wa miaka 16 akiisoma haoni kilichokosekana. Mzazi wake akiisoma, hukiona mapema.

Mhadhara huu unahusu tofauti hiyo. Mtoto na mzazi wanaweza kufungua ukurasa mmoja wa riwaya ya kijasusi, mtoto akatamani kuwa jasusi, mzazi akaanza kuhesabu watu waliobaki nyumbani. Hofu inayompata mzazi hapo mara nyingi huitwa ushamba au ulokole, na yeye mwenyewe huigeuza haraka kuwa marufuku. Hoja ya leo ni kwamba hofu hiyo ni usomaji wa kweli, tena wa ndani kuliko ule wa kijana. Hasara huja pale inapoishia kwenye kunyang'anya kitabu na isizungumzwe kamwe.

Riwaya zenyewe zina historia yake. Muhammed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi, Zanzibar, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilichapishwa 1960 na kuwaletea wasomaji Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na akili za taratibu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na upelelezi ukahamia kwenye simu, magari na kazi ya Inspekta Wingo. Hao wawili walikuwa wakimtafuta muuaji. Musiba ndiye aliyemkabidhi msomaji wa Kiswahili jasusi kamili, mtu anayevuka mipaka kwa niaba ya nchi yake: baada ya Kufa na Kupona kikaja Kikosi cha Kisasi (1979), kinachompeleka Gamba Kinshasa, kisha Njama (1981). Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akamleta Joram Kiango, na hadi Mtobwa alipofariki mwaka 2008 jina la Joram lilikuwa limeshazoeleka midomoni mwa wasomaji.

Wakati ulikuwa umeiva kwa vitabu hivyo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika Tanzania walikadiriwa kuwa 67 katika kila 100. Mwaka 1977, baada ya kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, walikuwa 27. Wasomaji hao wapya walipewa na serikali vitabu vya kilimo bora, afya na siasa. Willy Gamba hawakupewa. Walimnunua wenyewe, wakaazimana, wakamsoma kwa zamu hadi jalada likachanika.

Kwa nini basi jambo hili lizungumzwe Njombe na Makambako, mbali na Kinshasa na hoteli za Nairobi? Jibu limelala kwenye ramani. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na barabara inayopita Njombe, kilomita 60 hivi kusini, kuelekea Songea na mpaka wa Msumbiji. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, hupanda kutoka Mlimba hadi Makambako kwa madaraja na mahandaki, sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko nyingine yoyote. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo na wataalamu wa China, kwa sababu iliyo wazi: Wazungu wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao Novemba 1965, na Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini bila kupita kwao. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limetangulia mwaka 1968 kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo treni iliyosimama Makambako ilikuwa pia silaha katika vita vya ukombozi, na adui alilijua hilo. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia waliingia Zambia kwa siri wakalipua daraja la TAZARA kwenye Mto Chambeshi. Reli ikakatika. Mashine, wahandisi na mabilioni ya shilingi yaliyotumika kwa miaka yalizimwa usiku mmoja na watu wachache waliobeba baruti. Mzazi wa Makambako aliyekuwa na kijana kwenye kazi ya reli mwaka huo hakuhitaji Musiba amweleze hujuma ni nini. Aliisikia redioni, kisha akakaa kusubiri barua.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa riwaya za kipindi kile. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliundwa 1963 na kuweka makao yake Dar es Salaam mpaka ilipovunjwa 1994. Jiji lilijaa wapigania uhuru, na walipo wapigania uhuru, majasusi hawakosekani. Wizara, redio na mabalozi wa nyumba kumi walihimiza watu wawe macho. Musiba aliichukua hali iliyokuwa imetanda hewani akaipa mtu mmoja mwenye bastola na suti nzuri.

Mauaji ya Eduardo Mondlane yanaonyesha jinsi ukweli ulivyokuwa umekaribia riwaya. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi huyo wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alipokea kifurushi cha posta jijini Dar es Salaam. Alikifungulia katika nyumba ya rafiki, Oyster Bay. Ndani kulikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu kulikuwa na bomu. Wengi waliinyooshea kidole PIDE, polisi wa siri wa Ureno, lakini hakuna mtu aliyewahi kusimamishwa mahakamani kwa kosa hilo. Mondlane aliacha mke, Janet, na watoto watatu.

Kijana akisikia kisa hiki huuliza bomu liliwekwaje ndani ya kitabu. Mzazi huuliza watoto waliambiwa nini jioni ile, na nani aliyewaambia.

Sasa tumfikirie mama mmoja wa kubuni ili tuone hisia hizi zinavyopandana. Ana duka la pembejeo sokoni Njombe. Binti yake wa kidato cha tatu amerudi likizo ya Juni, baridi ya Njombe imeshika kasi, na asubuhi mama anapokunjua blanketi anakuta kitabu chakavu kisicho na jalada. Ukurasa wa kwanza umeandikwa majina ya watu sita waliokiazima, na jina la binti ni la sita.

Hisia ya kwanza ni hasira, na hasira hiyo ina hesabu ndani yake: ada, nauli, sare, gunia la viazi lililouzwa kwa bei ya hasara ili mtoto arudi shule kwa wakati. Mama anaketi na kitabu kile kwa nia moja tu, kutafuta ushahidi wa kumgombezea. Anasoma kurasa tatu akinuna. Kufika ya kumi na mbili, wateja wawili wameshaondoka bila kuhudumiwa.

Aibu inafuata. Riwaya nyingi za aina hii zina vyumba vya hoteli, pombe na wanawake wanaoingia katika hadithi kwa uzuri wao na kutoka kwa risasi. Mama anaona haya kwa niaba ya binti, kisha anaona haya kwa niaba yake mwenyewe, kwa sababu hakuiruka sehemu ile.

Halafu inakuja hofu, na inamjia mahali ambapo pengine mwandishi hakupatilia maanani. Jasusi anaingia kwenye ngome ya adui usiku. Getini kuna mlinzi. Mlinzi anauawa kwa sentensi moja, na hadithi inakimbia mbele kuelekea kwenye sefu. Binti alikimbia nayo. Mama amesimama palepale getini. Mlinzi huyu alikuja kazini jioni na chakula chake. Ana watu. Kaka wa mama huyu analinda ghala la mbao, na kila asubuhi anapopita dukani kusalimia, mama hupata amani. Katika riwaya ya kijasusi walinzi, madereva wa teksi, wahudumu wa baa na makarani wa mapokezi hufa kwa wingi, na wengi wao hawapewi hata jina. Kijana huwaona kama kelele za njiani. Mzazi ndiye anayewazika.

Ya mwisho ni hisia ngumu kuitaja mbele za watu. Mama anagundua kwamba kazi ya Willy Gamba anaifanya na yeye. Amepekua kitanda cha mtoto. Amewahi kusoma jumbe katika simu isiyo yake. Ana watoa habari wake: jirani, mwalimu wa zamu, konda wa basi la shule, binamu wa bwenini. Amewahi kumuuliza binti swali ambalo jibu lake alikwisha kulipata, ili aone kama atadanganywa. Mtaani watu wa kazi hiyo huitwa mashushushu, na nyumba yenye kijana haikosi shushushu wake. Mama anafunga kitabu akiwa na hasira ndogo kuliko aliyoanza nayo.

Kuna wanaosema haya yote ni mambo ya kubuni, mtu mzima hapaswi kusumbuliwa nayo. Utafiti unawapinga. Mwaka 2000 wanasaikolojia wa Marekani, Melanie Green na Timothy Brock, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa hadithi ya mtoto wa kike anayeuawa kwa kisu katika jengo la maduka. Baadhi ya wasomaji waliambiwa kisa ni cha kweli, wengine wakaambiwa ni cha kubuni. Waliozama zaidi katika hadithi ndio waliotoka wakiiona dunia kwa jicho la hadithi ile, wakiamini kwamba mahali pa namna hiyo ni pa hatari. Kuambiwa ni kweli au ni kubuni hakukuleta tofauti ya maana. Moyo unaokwenda mbio hausubiri kuangalia kama jalada limeandikwa riwaya.

Na kuna mahali ambapo hofu hiyo haihitaji kusukumwa na mwandishi yeyote. Mwanzoni mwa 2019 Njombe ilitajwa katika habari za dunia kwa mauaji ya watoto, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Wazazi walianza kuwasindikiza watoto shuleni, na mgeni aliyesimamisha gari kuuliza njia alitazamwa mara mbili. Mwandishi wa riwaya za kusisimua anapohitaji kuongeza kasi katika sura ya nane, humteka mtoto wa mtu. Ni mbinu ya kawaida, na kwa msomaji wa mahali pengine ni sababu ya kufungua sura ya tisa. Kwa mzazi wa Njombe sura ya nane inagusa jambo alilopitia kwa miguu yake, asubuhi na jioni, amemshika mtoto mkono. Akikiweka kitabu chini na kutoka nje kuhesabu watoto wanaocheza, asichekwe.

Ugonjwa wa kuwafuta wazazi na watoto haukuanzia kwa waandishi wetu. Ian Fleming, Mwingereza aliyemuumba James Bond, aliwaua wazazi wa Bond katika ajali ya kupanda milima. Habari hiyo imo katika riwaya yake ya 1964, You Only Live Twice, na Bond alikuwa na miaka 11 walipofariki. Yatima ni mtu mwepesi kwa mwandishi: hana mama wa kumuuliza amekula nini wala baba wa kumwita nyumbani kwenye kikao cha ukoo. Na filamu za Bond zilipoamua hatimaye kumpa mtoto wa kike, katika No Time to Die ya 2021, filamu hiyohiyo ikamuua Bond mwenyewe. Watengenezaji walijua kwamba baba hawezi kuendelea kuruka kutoka kwenye majengo kama zamani.

Lakini wapo walioandika ujasusi wakiwa na mtoto mbele yao. John le Carré, ambaye jina lake halisi lilikuwa David Cornwell na aliyewahi kufanya kazi katika idara za ujasusi za Uingereza, alilelewa na baba tapeli. Mama yake aliondoka nyumbani yeye akiwa na miaka mitano. Mwaka 1986 alitoa A Perfect Spy, riwaya ya jasusi Magnus Pym aliyejificha katika nyumba ya wageni pwani, akimwandikia mwanawe Tom habari za maisha yake yote. Pym amewadanganya wakubwa zake, wake zake na nchi yake. Anapotaka kusema kweli walau mara moja, mtu anayemchagua kuambiwa ni mtoto. Miaka 20 baadaye le Carré akaandika The Mission Song, ambamo mkalimani Salvo, mtoto wa mmisionari wa Kiairishi na mwanamke wa Kikongo, anayekijua Kiswahili na lugha nyingine za mashariki ya Kongo, anaingizwa katika mkutano wa siri unaopanga hatima ya Kivu. Salvo ni mtoto aliyezaliwa kwa siri, na sasa analipwa kutunza siri za wengine.

Wenye mengi ya kusema kuliko waandishi wote hao ni watoto wa watu waliowindwa kweli. Ruth First, mwandishi na mpinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliuawa na bomu la kifurushi tarehe 17 Agosti 1982 ofisini kwake Maputo, katika chuo kikuu kilichopewa jina la Eduardo Mondlane. Aliacha mabinti watatu. Mmoja wao, Shawn Slovo, aliandika filamu ya A World Apart, iliyotoka 1988, kuhusu msichana ambaye mama yake anakamatwa kwa ajili ya siasa na yeye anabaki bila kuelezwa neno. Mdogo wake Gillian alitoa mwaka 1997 kitabu cha kumbukumbu, Every Secret Thing. Ndani yake mna fahari juu ya wazazi, na mna lawama pia: mtoto alihitaji mama, na mama alikuwa na nchi ya kukomboa.

Karibu miaka miwili baada ya kifo cha Ruth First, tarehe 28 Juni 1984, bomu jingine la kifurushi lilifika Lubango, Angola, nyumbani kwa wakimbizi wa Afrika Kusini. Liliwaua Jeanette Schoon na binti yake Katryn, aliyekuwa na miaka sita. Craig Williamson, jasusi wa polisi wa makaburu, alikiri kuhusika katika mashambulizi yote mawili mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, akapewa msamaha mwaka 2000. Katika riwaya mtu kama yeye huanguka kutoka ghorofani katika sura ya mwisho. Katika maisha alijaza fomu, akahojiwa, akarudi nyumbani kwake.

Mzazi anayekijua kisa cha Katryn Schoon hawezi tena kusoma neno kifurushi katika riwaya kwa namna ileile. Ujuzi huo ndio anaoweza kumpa mtoto wake, na mtoto hataupata ndani ya riwaya.

Kuna mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa bila kuzungushwa. La kwanza hutoka kwa walimu: riwaya pendwa zinalegeza Kiswahili na kumpotezea mwanafunzi muda wa vitabu vya mtihani. Kuhusu muda, wana haki. Kuhusu lugha, mtu achukue ukurasa wa Mtobwa na kuangalia jinsi anavyobana sentensi zake, anavyoingiza mzaha katikati ya hatari, anavyomfanya msomaji wa Dar es Salaam na wa Ludewa waelewane. Kwa miaka mingi orodha ya vitabu vya sekondari imekuwa na Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, vitabu vyenye haki ya kuwapo. Gamba na Joram walibaki nje ya darasa. Matokeo yake vijana waliwasoma kwa kuibia, na kitabu kinachosomwa kwa kuibia hakina mtu mzima wa kukiuliza maswali.

Pingamizi la pili hutoka kwa wazazi wenyewe, nalo ni zito zaidi. Vitabu hivi vina damu nyingi, vinawatumia wanawake kama mapambo, na vinamfundisha kijana kwamba serikali ina haki ya kuua mradi anayeua ni mtanashati. Mashtaka hayo ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Musiba aliandika vita vya haki, na wakati huo wasomaji wake walijua adui ni nani. Kijana wa leo hajamwona kaburu, hajasikia redioni habari za Chambeshi, na anaposoma hadithi ileile anabaki na bunduki bila sababu yake. Mtoto wa miaka 11 hapaswi kuachiwa Kikosi cha Kisasi peke yake, na mzazi anayekataa hapo amefanya kazi yake. Kijana wa miaka 16 ni suala jingine. Huyo ana simu, na katika simu kuna riwaya za kijasusi za kila namna, hadithi zinazotumwa kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, na filamu zenye damu kuliko kitabu chochote cha Musiba. Kumnyang'anya kitabu cha karatasi ni kumwacha na skrini.

Basi hukumu ni hii. Mzazi wa Njombe au Makambako anayekuta riwaya ya kijasusi kwa mwanawe aisome yote kabla hajasema neno. Asisome ili kuhesabu makosa. Asome hadi afike mahali moyo wake unapogoma, iwe ni kwa mlinzi wa getini, kwa mwanamke aliyepigwa risasi hotelini, au kwa mtoto aliyetekwa. Kisha amwite kijana, waketi, na amwambie: mimi nilisimama hapa, wewe ulisimama wapi? Kijana atashangaa kwamba mzazi amesoma. Huenda akashangaa zaidi kwamba alipita juu ya maiti bila kugundua. Mzazi naye aulize kilichomvutia mwanawe, na asikilize jibu bila kuandaa adhabu, kwa sababu wakati mwingine jibu litakuwa kwamba kijana anatamani kusafiri, au anatamani kuwa na kazi yenye maana, au amechoka kupekuliwa.

Walimu wana sehemu yao. Shule za mkoa huu zinaweza kuziweka riwaya hizi kwenye kabati la maktaba kwa wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda juu, zikisomwa pamoja na historia yake: Kamati ya Ukombozi, TAZARA, Mondlane, Chambeshi. Mwanafunzi atakayejua kwamba reli iliyolipuliwa ni ileile anayopanda ndugu yake kutoka Mlimba atamsoma Willy Gamba kwa akili nyingine.

Wapo pia watu wa kulisaidia darasa hilo. Aliyekuwa na miaka 15 Kufa na Kupona ilipotoka mwaka 1974 leo amevuka miaka 65, na watu wa umri huo wapo Njombe, Makambako, Wanging'ombe, Ludewa na Makete. Baadhi yao walikisoma kitabu hicho wakiwa vijana, wakaja kuwakataza watoto wao, na sasa wana wajukuu wanaokisoma kwenye simu. Walimu wa Kiswahili na wa historia wanaombwa kuwaalika wazee hao madarasani kabla muhula huu haujaisha. Na mzee yeyote mwenye nakala yake ya zamani, hata kama haina jalada, anaombwa aje nayo.